Wati 20 mara mbili: uzoefu wangu na leza ya faiba

Nachonga maandishi kwenye chuma hapa Nasser Road, Kampala: vibao vya majina, kalamu, chupa za maji, vikombe vya mashindano. Leza yangu ya kwanza ya faiba, yaani mashine inayochonga kwa mwanga unaozalishwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo, ilikuwa ya wati 20. Ya pili, niliyonayo sasa kwa miezi minane, ni ya wati 20 vilevile, lakini kazi zake ni mbingu na ardhi.

Ile ya kwanza ni ya aina ya Q-switch, yaani hufungia nishati ndani kisha huiachilia ghafla kama pigo la mwanga. Pigo hilo hudumu kama nanosekunde 100 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) na huwezi kubadilisha muda huo. Ukipiga mara 20,000 kwa sekunde, kila pigo hubeba nishati ya milijuli 1 tu, ila kwa kuwa inatoka kufumba na kufumbua, nguvu ya pigo hufika wati 10,000 hivi. Kwa kuchimba namba kwenye spea za chuma, sina malalamiko hata leo.

Iliponishinda ni alumini ile yenye ngozi ngumu ya oksidi. Mteja alitaka maandishi meusi, nami nikabadilisha mwendo na nguvu mchana kutwa, yakatoka ya kijivu. "Mama, hii si nyeusi," akasema, akachukua vibao vyake. Iliniuma, maana muuzaji aliniapia kuwa wati ndizo kila kitu.

Ya pili ni ya aina iitwayo MOPA. Humo diodi ndogo huzaa pigo, kisha uzi wa kioo uliotiwa metali iitwayo iterbiamu hulikuza, hivyo urefu wa pigo nauchagua mwenyewe, nanosekunde 2 hadi 500. Nikiweka pigo fupi na kuongeza idadi kwa sekunde, joto halisambai likavunja ile ngozi, na alumini inatoka nyeusi tii! Chuma cha pua nacho kinanipa bluu na dhahabu bila tone la wino.

Bei yake ni kubwa zaidi, na kujifunza vipimo kulinila wiki tatu. Mbao na plastiki angavu haiziwezi. Uzi unaopeleka mwanga kwenye kichwa cha mashine usiukunje kwa nguvu: mwanga hukaa ndani kwa kuakisiwa pembeni, na kona kali huuvujisha.

Miwani ya kinga haikuja na mashine. Mwanga wake, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, hauonekani kwa jicho, kwa hiyo niliagiza miwani ya kipimo hichohicho, na msichana anayenisaidia hawashi mashine kabla hajaivaa.