ANT-25: Ndege au Tanki la Mafuta Lenye Mabawa?

Haya, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala sabufa. Nachambua ndege, tena ya mwaka 1933: ANT-25 ya Wasovieti, kutoka kwa Andrei Tupolev, mchoro ukisimamiwa na Pavel Sukhoi. Kazi iliyotengenezewa ni moja tu, kwenda mbali kuliko ndege nyingine zote bila kutua. Kwa hiyo ukiniuliza inabeba abiria wangapi, ndugu yangu, tutagombana.

Tazama hii picha. Mwili ni mita 13 na kidogo. Mabawa, ncha hadi ncha, mita 34! Zile ATR 72 za pangaboi mbili mnazopanda Dar kwenda Mwanza zina mita 27. Na hii ina injini moja tu puani, Mikulin ya silinda 12 inayopozwa kwa maji. Bawa likiwa refu na jembamba namna hii, ndege inaelea bila kutoa jasho, na injini hainywi sana.

Sasa utamu wenyewe uko ndani ya bawa. Humo wamepanga matanki, petroli kama tani 6, yaani zaidi ya nusu ya uzito wa ndege inapoondoka. Utadhani bawa litavunjika, kumbe mafuta ndiyo yanayolisaidia. Hewa inalisukuma bawa juu, inataka kulipinda. Mafuta yaliyotandazwa humo yanalivuta chini. Kwa hiyo mifupa ya bawa haikuhitaji kuwa minene. Hapo nimewapa alama zote.

Kwenye ngozi nawakata. Walianza na duralumini, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine ili iwe ngumu, ya migongo migongo, kama bati la paa, na hewa ikawa inakwaruzana nayo njia nzima. Wakaifunika kwa kitambaa, wakapaka vanishi, wakasugua mpaka ikateleza. Fundi wa mtaani angefanya hivyo hivyo! Septemba 1934 rubani Mikhail Gromov na wenzake wawili wakazunguka nayo saa 75, kilomita 12,411, bila kugusa ardhi.

Kuondoka ndiyo shughuli. Ikijaa mafuta ni nzito kiasi kwamba huko Shchyolkovo, nje ya Moscow, walimwaga njia ndefu ya zege ya kurukia na mwanzoni mwake wakajenga kilima, ndege ianze kwa kuteremka. Ukiwa huna kilima, usinunue.

Je, inaaminika? Agosti 1935 rubani Levanevsky alijaribu kwenda nayo Marekani kupitia Ncha ya Kaskazini, oili ikavuja, akageuza. Juni 1937 wakaenda rubani Chkalov na wenzake Baidukov na Belyakov. Kule juu dira ya sumaku inayumba, wakawa wanasoma jua. Barafu ikaganda kwenye mabawa, hewa ya oksijeni ikawa ya kubana. Halafu maji ya kupoza injini yakapungua. Injini moja hiyo, jamani, na chini ni barafu tupu! Inasimuliwa kwamba walimimina maji yao ya kunywa, na hata mkojo uliokuwa umehifadhiwa kwa ajili ya madaktari. Ikashika. Baada ya saa 63 na dakika 16 wakatua Vancouver, ile ya jimbo la Washington, si ya Kanada.

Wiki tatu baadaye Gromov akapita njia hiyo hiyo na Yumashev na Danilin, akaenda mbele zaidi. Walitua kwenye malisho ya ng'ombe San Jacinto, California. Kilomita 10,148 kwa mstari ulionyooka, rekodi ya dunia.

Spidi? Usiulize. Ya juu kabisa haikufika kilomita 250 kwa saa. Jeshi lilijaribu kuifanya ya mabomu, wakaiita DB-1, zikatengenezwa chache tu. Sishangai: ndege ya mabawa marefu, ya polepole, iliyojaa petroli, unaipeleka vitani kufanya nini?

Mimi naipa 9 kwa safari ndefu na 2 kwa kila kitu kingine. Ile ya Chkalov ilirudishwa nyumbani, ipo kwenye makumbusho mjini Chkalovsk, Urusi. Ukifika pale, nenda moja kwa moja kwenye ncha ya bawa, halafu tembea hadi ncha ya pili ukihesabu hatua. Niandikie umepata ngapi.