Viendelezi vya kuhifadhi kurasa na kutambua fonti: zima intaneti kwanza, ndipo uchague

Tangu Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ilipoifunga Pocket, huduma yake ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye, tarehe 8 Julai 2025, wasomaji wananiletea lalamiko lile lile kwa maneno tofauti. Walikuwa na makala walizozikusanya kwa miaka, wakapakua data yao kabla mlango haujafungwa, wakafungua faili na kukuta orodha ya viungo. Maandishi yenyewe hayamo. Na baadhi ya viungo hivyo vilishakufa zamani.

Kwa hiyo hapa hamtaniona nikilinganisha lebo, rangi za usiku, wala nyota ambazo kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kimepewa dukani. Nina jaribio moja tu. Hifadhi ukurasa, zima intaneti, kisha ufungue ulichohifadhi. Kinachoonekana kwenye skrini ndicho ulicho nacho.

Nafasi ya kwanza naipa SingleFile, na sifichi kwamba nina upendeleo nayo. Gildas Lormeau ameiandika kwa msimbo huria, ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Chrome, Firefox, Edge na Safari. Ukibofya mara moja, ukurasa wote unaingia kwenye faili moja ya HTML, lugha ya kurasa za wavuti: maandishi, picha, mpangilio na hata fonti. Haikutaki ufungue akaunti. Faili inakaa kwenye diski yako na kivinjari chochote kitaifungua, hata SingleFile yenyewe ikitoweka kesho. Tena, kwa kuwa inachukua kile ambacho kivinjari chako kimeshakionyesha, hata ukurasa uliofunguka baada ya kuweka nenosiri unahifadhika. Wayback Machine, hazina ya mtandaoni ya nakala za kurasa, pamoja na heshima zote ninazoipa Internet Archive inayoiendesha, haiwezi kuingia humo.

Kasoro zake zipo. Picha zikigeuzwa kuwa herufi ili zikae ndani ya HTML huongezeka ukubwa kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo makala yenye picha nyingi hutoa faili nzito. Kuna pia kurasa ambazo picha zake hazipakiwi mpaka uzifikie. Kwa hizo, shuka taratibu hadi chini kabla ya kubofya.

Nafasi ya pili ni Zotero Connector, kwa wanafunzi na watafiti. Nakala ya ukurasa inayoihifadhi inatengenezwa kwa mashine ile ile ya SingleFile, kisha inakuwekea mwandishi, tarehe na jina la chapisho mahali pake. Kama huandiki marejeo, huihitaji.

Obsidian Web Clipper ni ya tatu, kwa sababu inafaulu nusu. Maandishi yanabaki kwako katika Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama chache za mpangilio, safi kabisa. Lakini picha hubaki viungo vya kwenda kule zilikotoka mpaka uagize zipakuliwe, na fonti hazibaki kabisa. Msomaji wa kawaida hatajali. Msanifu atalia.

Raindrop.io ni nzuri kwa kupanga viungo, ila nakala ya kudumu ya ukurasa imewekwa upande wa wanaolipia. Evernote tangu mwisho wa 2023 inampa asiyelipa noti 50 tu, idadi ambayo mtu mwenye mazoea ya kuhifadhi anaimaliza kabla wiki haijaisha. Njia za bure zilizomo ndani ya kivinjari, yaani kuhifadhi ukurasa kwa amri ya kawaida au kuuchapisha kuwa PDF, zinatosha kwa risiti.

Hapa niseme linaloniudhi. Siku hizi kila kitu ni malipo ya kila mwezi. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliniandikia barua yenye kichwa cha "habari njema", na habari yenyewe ilikuwa bei mpya. Unalipa ili usome maandishi uliyoyahifadhi mwenyewe, ukiacha kulipa unafungiwa nje. Huo ni upangaji, na mwenye nyumba anaweza kuuza nyumba wakati wowote. Omnivore, huduma nyingine ya kuhifadhi makala iliyopendwa na waliokuwa wakiikimbia Pocket mapema, iliwafungia watumiaji wake Novemba 2024 baada ya timu yake kuhamia kampuni ya ElevenLabs.

Viendelezi vyenyewe pia huuzwa. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi cha kuaminika mpaka mwaka 2020 kilipobadilisha mmiliki. Februari 2021 Google ilikizima kwa kuwa na programu hasidi. Ile ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote inabaki pale pale, hata mikono inayoishika ikibadilika. Kwenye Chrome unaweza kuamuru kiendelezi kifanye kazi pale tu unapokibofya. Fanya hivyo.

Sasa fonti, ambako kasoro inayosahaulika ni kubwa zaidi. Tovuti haitaji fonti moja. Hutoa orodha, na kivinjari hutumia ya kwanza kinayoipata. Kiendelezi dhaifu husoma orodha hiyo, kikakupa jina la kwanza, na wewe ukaenda kulipia leseni yake. Ukurasa unaweza kuomba Helvetica, kompyuta yenye Windows ikauchora kwa Arial. Au umeandikwa system-ui, jambo ambalo si jina la fonti hata kidogo: kwenye Windows utaona Segoe UI, kwenye Mac utaona San Francisco. Swali la kukiuliza kiendelezi ni moja: unaniambia kilichoombwa au kilichochorwa?

Ndiyo maana nafasi ya kwanza hapa haiendi kwa kiendelezi. Firefox ina kichupo cha fonti ndani ya zana zake za wasanidi programu, na kinaonyesha fonti zilizotumika kweli kwenye kipande ulichokichagua. Chrome nayo ina sehemu kama hiyo, imefichwa chini kabisa ya kichupo cha mitindo iliyokokotolewa, kana kwamba wanaona haya kuionyesha.

WhatFont ni ya pili, na kwa kasi haina mpinzani: unapitisha kishale juu ya maandishi, jina linatokea; ukibofya unapata ukubwa, uzito, rangi na nafasi kati ya mistari. Fonts Ninja ni ya tatu. Inapendeza macho na inakuonyesha fonti inauzwa wapi, na hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi nayo. Maandishi yaliyo ndani ya picha hayasomwi na yeyote kati ya hizi. Yapeleke kwenye WhatTheFont ya MyFonts.

Ukitaka kutumia WhatFont kwenye kurasa ulizozihifadhi kwa SingleFile, Chrome itaizuia mpaka uende kwenye maelezo ya kiendelezi hicho na kuwasha ruhusa ya kufikia faili za kompyuta yako. Usipoiwasha, utabofya na hakuna kitakachotokea. Firefox na kichupo chake cha fonti haikuombi ruhusa yoyote ya ziada.