The Light of Asia: maisha ya Buddha katika ushairi, na mahali pa kusoma kwa tahadhari

Anayetaka kusimuliwa maisha ya Siddhartha Gautama tangu kuzaliwa hadi kuamka kwake kiroho chini ya mti, bila kupitia kwanza maelfu ya kurasa za maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya India, atahangaika sana kabla ya kupata kitabu kinachomshika msomaji kama hiki cha Edwin Arnold, shairi refu la sehemu 8. Kilitoka mwaka 1879, haki zake zimekwisha zamani, na maandishi yote yanapatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Hukumu yangu naitoa mapema: sehemu 7 za kwanza zisomwe kwa moyo mkunjufu. Sehemu ya 8, ambayo ndiyo yenye mafundisho, isisomwe peke yake hata siku moja, kwa sababu imebadilisha mambo ambayo mwanafunzi wa Ubudha anayahitaji kwanza.

Arnold alikuwa Mwingereza aliyewahi kuongoza chuo huko Pune, India, kisha akarudi London kufanya kazi katika gazeti la Daily Telegraph. Simulizi yote ameiweka kinywani mwa Mbudha wa kubuni, na uamuzi huo umekiokoa kitabu. Msimulizi anaamini anachokisema. Miungu wanashuka, ardhi inatetemeka, Mara, yule mjaribu, anakuja na majeshi yake, wala hakuna mahali msomaji anapokonyezwa jicho kwamba haya ni hadithi za watu wa mbali. Kwa Uingereza ya miaka ile, hilo halikuwa jambo dogo.

Umbo lake ni masivina: mizani 10 kwa kila mshororo, bila vina. Kiingereza chake ni cha kale, sentensi zinavuka mishororo mingi, na anayesoma kwa macho peke yake huchoka upesi. Dawa ni kusoma kwa sauti na kupumua kwenye alama za vituo, si mwisho wa mshororo. Ukipumua mwisho wa kila mshororo, sentensi inakatika vipande na maana inapotea, hasa pale Arnold anapoorodhesha maua, ndege na vito vya jumba la kifalme. Orodha hizo ni nyingi mno katika sehemu ya 2, na msomaji anayeanza anaweza kuzipita haraka bila kupoteza kitu.

Sehemu ya 1 ina kuzaliwa, utabiri, na kisa cha bata maji aliyepigwa mshale na Devadatta, binamu yake Siddhartha, ambapo baraza linaamua kwamba kiumbe ni wa aliyemwokoa uhai, si wa aliyetaka kumuua. Ya 2 ni ndoa na jumba la starehe. Ya 3 ni mzee, mgonjwa na maiti. Hapa pana jambo la kujua kabla ya kwenda mbele: kwenye maandiko ya Kipali, masimulizi ya kutoka na gari na kukutana na uzee, ugonjwa, kifo na mtawa yamo katika Digha Nikaya namba 14 (Nikaya ni mikusanyo ya hotuba za Buddha), na anayesimuliwa hapo ni Vipassi, Buddha wa enzi za kale mno. Kuhusu Gautama mwenyewe, maandiko ya mwanzo yanamwonyesha akitafakari tu kwamba naye atazeeka, ataugua na kufa, na ulevi wa ujana ukamtoka. Mapokeo ya baadaye ndiyo yaliyomvika yeye kisa kizima. Arnold anafuata mapokeo hayo, na ana haki ya kufanya hivyo, ila msomaji asije akabishana na mtu kwamba hivyo ndivyo yalivyoandikwa tangu mwanzo.

Sehemu ya 4 ndiyo kilele cha ushairi wake. Yasodhara, mke wa Siddhartha, ameota ndoto mbaya, amelia, amelala tena. Siddhartha anagusa miguu yake kwa paji la uso, anakizunguka kitanda mara tatu akiwa amekunja mikono kifuani, kama mtu anavyozunguka madhabahu, kisha anajaribu kuondoka mara tatu na mara tatu anarudi. Mtoto bado yuko tumboni, na Siddhartha anasema wazi kwamba akisubiri kumbariki, azma yake itavunjika. Mzunguko ule wa mara tatu ni desturi halisi ya India ya kumheshimu mtu au mahali patakatifu, na huo ndio mkono wa mwandishi aliyeijua nchi. Linganisha na Majjhima Nikaya namba 26, ambamo Buddha mwenyewe anaeleza kuondoka kwake: alikuwa kijana, nywele nyeusi, wazazi wakilia machozi, akanyoa nywele na ndevu, akavaa nguo ya manjano, akatoka nyumbani. Hakuna usiku, hakuna farasi Kantaka, hakuna mke aliyelala. Maelezo ya Kipali ya karne za baadaye yanasema mtoto huyo, Rahula, alizaliwa siku ileile ya kuondoka. Arnold amemweka tumboni ili kuongeza uchungu. Soma vyote viwili siku moja. Ule ufupi wa Majjhima unauma kwa namna yake, na ukiusoma baada ya Arnold unaona ni kiasi gani cha machozi kilichoongezwa na washairi.

Sehemu ya 5 inampeleka Rajagriha, kwa mfalme Bimbisara. Picha ya Siddhartha akimbeba mwanakondoo anayechechemea hadi kwenye kafara, kisha akaizuia kafara yenyewe, imewavuta wasomaji wengi. Ndani ya sehemu hiyohiyo anakuja mwanamke aliyefiwa na mtoto, anaambiwa atafute haradali nyeusi, uzito wa tola moja (kipimo kidogo cha India), kutoka nyumba ambayo hajafa mtu. Anazunguka, kila mlango una haradali na kila mlango una kifo. Kisa ni kile cha Kisa Gotami, na kimesimuliwa vizuri, lakini kimewekwa mahali pasipofaa. Katika mapokeo ya Kipali kinatokea baada ya Buddha kuamka, na mwanamke huyo anakuwa mtawa na hatimaye arahanti, aliyejikomboa kabisa. Beti zake zimo katika Therigatha, mkusanyo wa beti za watawa wanawake wa mwanzo. Kwa kukirudisha nyuma, kabla ya mti wa Bodhi, ule wa kuamka kwake, Arnold anamfanya Siddhartha atoe dawa ambayo mwenyewe bado hajaipata. Anampoteza pia Kisa Gotami mwenyewe: kwake ni mama anayelia na kuondoka, si mwanamke aliyefika mwisho wa njia.

Sehemu ya 6 inastahili kusomwa na karatasi pembeni. Baada ya maziwa aliyopewa na mwanamke Sujata, Siddhartha anakaa chini ya mti na Mara anatuma dhambi kuu 10, moja baada ya nyingine. Wengi hudhani ni mapepo ya kubuni. Ni zile pingu 10 za mafundisho ya Kibudha, zinazomfunga mtu asikombolewe, zilizovalishwa miili, na nyingi zimeachiwa majina yake ya Kipali au karibu nayo. Ubunifu huu ni wa hali ya juu, kwa kuwa orodha kavu ya watawa imegeuka vita vinavyoonekana. Kasoro iko kwenye tafsiri za baadhi yake. Aruparaga kwake ni tamaa ya sifa, ilhali maana yake ni tamaa ya kuishi katika hali zisizo na umbo, yaani kung'ang'ania utulivu wa juu kabisa wa tafakuri. Uddhachcha amemfanya mtu anayejiona mwadilifu. Asili yake ni kutotulia kwa akili. Andika pingu 10 kwa mpangilio wake, pigia mstari 3 za kwanza (dhana ya nafsi ya kudumu, shaka, na kushikilia ibada na nadhiri), kwa kuwa hizo ndizo zinazokatika mtu anapoingia hatua ya kwanza ya ukombozi; nyingine hukatika hatua kwa hatua baadaye. Kwenye shairi zote zinashindwa usiku mmoja, jambo ambalo ni sahihi kwa Buddha, lakini mwanafunzi asije akalichukua kuwa kipimo chake.

Sehemu ya 7, ya kurudi Kapilavastu, mji wa kwao, na Yasodhara anayesubiri, ni nzuri na haina mtego mkubwa. Tuipite.

Sasa ya 8. Arnold anaacha masivina na kuandika beti za mishororo 4, mshororo wa mwisho ukiwa mfupi, na anayaweka mafundisho yote katika hotuba moja kando ya mto karibu na mji wa kwao. Kwa mujibu wa mapokeo, hotuba ya kwanza ilitolewa kwa watawa 5 katika bustani ya paa ya Isipatana, ambayo leo ni Sarnath, karibu na Varanasi. Kuhamisha mahali si kosa la kutisha. Kosa liko kwenye njia yenye sehemu 8, ile ya kukomesha mateso. Kweli 4 (mateso, chanzo chake, kukoma kwake, na njia hiyo) zimewekwa vizuri, na sehemu 4 za kwanza za njia zimeelezwa kwa kiasi chake. Zile 4 za mwisho anazitaja kwa haraka kama usafi, wazo, upweke na furaha kuu iliyo sahihi, akisema ni za waliokwisha kuachana na mambo ya dunia. Fungua Samyutta Nikaya 56.11 uone ya asili: riziki sahihi, juhudi sahihi, uangalifu sahihi, na utulivu sahihi wa akili.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Riziki sahihi imefutika kabisa, nayo ndiyo inayomhusu mtu mwenye nyumba na kazi. Anguttara Nikaya inamtajia biashara 5 za kuepuka: silaha, viumbe hai, nyama, vileo na sumu. Juhudi imefutika, na bila juhudi njia inageuka hali ya kungojewa ishuke. Uangalifu wa mwili, hisia na akili umekuwa "wazo" tu. Anayejifunza kutoka kitabu hiki peke yake atadhani nusu ya njia ni ya walio milimani, ilhali imekusudiwa kutembewa yote kwa pamoja, na mengi yake yanaanzia sokoni na jikoni.

Amri 5 zipo, ila mpangilio umebadilishwa na lugha ya amri ya uongo inanukia kitabu cha Kutoka cha Biblia: inakataza ushahidi wa uongo, wakati sharti la Kipali linakataza uongo wowote. Kuhusu nirvana, yaani ukombozi wa mwisho, Arnold anaanza vizuri sana, anakataa anayesema ni kukoma na anakataa pia anayesema ni kuishi. Kisha mshororo wa mwisho wa shairi unaibomoa tahadhari hiyo kwa picha ya tone la umande linaloteleza baharini. Picha hiyo inamwacha msomaji akiamini kuna nafsi ndogo inayoungana na nafsi kubwa, na hilo ndilo Buddha alilolikanusha katika hotuba yake ya pili kwa wale watawa 5 (Samyutta 22.59). Picha yake mwenyewe, katika Majjhima 72, ni moto uliozimika kwa kukosa kuni: ukiuliza umeelekea mashariki au magharibi, swali lenyewe halishiki.

Upungufu wa mwisho ni wa kiasi. Mapokeo yanampa Buddha miaka 45 ya kufundisha, na kifo chake Kusinara akiwa na miaka 80, baada ya chakula cha mhunzi Cunda. Arnold anayapitia yote hayo kwa mishororo michache. Humo hamna Ananda, mhudumu wake, akiwaombea wanawake ruhusa ya utawa, hamna mauti ya polepole njiani. Jaza pengo hilo kwa Digha namba 16, ambayo ni simulizi ndefu ya miezi ya mwisho, yenye mwili unaochoka na mzee anayejilinganisha na gari kuukuu lililofungwa kamba. Hakuna mshairi aliyeipita.

Kwa tarehe na mahali, usikitegemee. Dibaji inamweka Buddha kati ya mwaka 620 na 543 kabla ya Kristo; wanahistoria wengi sasa wanasogeza kifo chake karibu zaidi na mwaka 400. Nguzo ya mfalme Ashoka pale Lumbini, yenye maandishi yanayotaja kuzaliwa kwake, iligunduliwa mwaka 1896, miaka 17 baada ya shairi kuchapwa, hivyo Arnold hakuwa na pa kushika. Kapilavastu yenyewe hadi leo inagombaniwa kati ya Tilaurakot ya Nepal na Piprahwa ya India.

Ukitaka nakala, hakikisha ina sehemu zote 8 na dibaji ya Julai 1879, maana ndani ya dibaji ndimo Arnold anapoeleza msimulizi wake ni nani. Kwenye faili za bure kagua majina yenye alama juu ya irabu, ambayo huharibika faili inapogeuzwa muundo. Fungua ukurasa wenye majina ya Yasodhara na Suddhodana, baba yake Siddhartha, kabla ya kupakua. Majina mengi yamo kwa Kisanskriti, kwa hiyo tengeneza jedwali dogo la Siddhartha na Siddhattha, nirvana na nibbana, karma na kamma. Bila hilo utakwama utakapohamia kwenye Nikaya. Mpangilio unaofaa ni huu: sehemu ya 1 hadi ya 4, kisha Majjhima 26, ya 5 na beti za Kisa Gotami, ya 6 na orodha ya pingu, ya 7, halafu Samyutta 56.11 na 22.59 kabla ya sehemu ya 8, si baada yake.