Saiti mira (vioo vya pembeni) za kukunja za pikipiki, za Kariakoo: zinafaa, na nasema na madereva na boda wenzangu pia

Hizi ni zile zenye shingo fupi nyeusi ya chuma na kioo kipana cha duara, pea nimechukua 18,000 duka la spea Kariakoo nikafunga kwenye pikipiki yangu, Boxer. Zipo za bei chee ila ukishafika spidi 60 kioo kinatetemeka mpaka huelewi nyuma kuna bajaji au fuso, achana nazo.

Mimi natoka Tabata naenda Mwenge, yani nashika barabara ya Mandela halafu Sam Nujoma, na anayeijua Mandela anajua, malori ya kontena toka bandarini, daladala, kirikuu, wote mnagombania hapo hapo. Kioo changu cha zamani kiliondoka na daladala hapo Mandela, jamaa kanipita kulia halafu ghafla kachomekea kushoto kuwahi abiria kituoni, kakikwangua chote, na konda anachungulia dirishani ananambia "we boda kaa pembeni!" Pembeni wapi kaka wakati tairi langu liko mwisho wa lami? Inauma sana. Na wale wa gari ndogo wanaokuja nyuma yako wanapiga taa full na honi mfululizo ili uwapishe, ukiteleza hapo anakupanda, sijui huwa wanawahi nini.

Ndo maana nasema hivi vioo vina maana. Vimebinuka kidogo kwa nje kwahiyo unaona eneo kubwa, daladala ikianza kujileta unaiona mapema unapunguza mwendo. Ila zingatia, kioo cha hivyo kinaonyesha gari iko mbali kuliko ilivyo, kwahiyo kabla hujahama laini geuza shingo uangalie kwa macho. Na ukiwa karibu na lori mtafute dereva kwenye kioo chake, kama humuoni basi na yeye hakuoni, toka hapo haraka. Kwenye foleni ya Mwenge unakunja kwa mkono mmoja unapenya, ukitoka unarudisha, shingo haijalegea mpaka leo.

Sasa ndugu zangu wa kijiweni. Nilivyozifunga nikaambiwa "mwanangu ndo unajifunza?" eti vioo ni vya kina mama, dereva mzoefu hahitaji. Wengi wameving'oa, wengine wamevigeuzia ndani wanamwangalia abiria. Halafu huyo huyo anapita mataa yakiwa mekundu, anatanua mpaka njia ya waenda kwa miguu, helmeti kaivaa kwenye kiwiko, anaingia njia ya mwendokasi pale Magomeni na lile basi likija halina pa kukukwepea, bila kioo utalionaje jamani? 2021 serikali ilishusha faini ya pikipiki na bajaji toka 30,000 mpaka 10,000, nilifurahi kama wengine, ila kuna wenzetu wanaitenga kabisa asubuhi pamoja na hela ya mafuta. Boda mmoja akimkwangua mtu gari akakimbia, hasira zote mwenye gari anammalizia boda anayefuata, ambaye ni mimi na abiria wangu, mara nyingi mama na mtoto katikati.

Kasoro zipo. Mvua zilivyoanza nati zikashika kutu, nikapaka grisi ikatulia. Usiku ukipigwa full kwa nyuma mwanga wote unarudi machoni, inabidi uinamishe kioo kidogo. Na nenda dukani na pikipiki yako ujaribishe kabla hujalipa, kuna pikipiki upande wa kulia uzi unafungwa kinyume, hasa Yamaha, ukilazimisha unaharibu hendo. Nazipa 4 kwa 5, hiyo moja ni ya kutu.