Hong Kong: Kivuko cha Star Ferry au Treni ya Peak Tram?

Mgeni anayetaka kuiona vyema Bandari ya Victoria hujiuliza apande kivuko cha Star Ferry au Peak Tram, treni ya mlimani iliyoanza kazi mwaka 1888. Kwa gharama, kivuko hakina mpinzani: nauli yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya treni, na ndani yake mna viti vya mbao ambavyo egemeo lake husukumwa upande wa pili ili abiria atazame aendako, jambo ninalolipenda mno. Treni hushinda kwa mandhari, kwani hupanda hadi karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lakini foleni ya jioni huchosha, na ukungu ukishuka huoni kitu. Mwenye saa moja na fedha kidogo avuke maji. Aliyejaliwa anga jeupe apande mlima asubuhi.