Tangazo la EWURA la bei kikomo za mafuta: nyota nne, na sababu zangu

Kazi yangu hadi nastaafu ilikuwa uchumi wa udhibiti: kushauri kuhusu bei za maji, umeme na mafuta. Kwa hiyo Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, wakitoa bei kikomo mpya, yaani bei ya juu kabisa ambayo muuzaji anaruhusiwa kutoza, siishii kwenye namba ya petroli. Naenda moja kwa moja kwenye majedwali.

Na majedwali ni mazuri. Kila wilaya ina bei yake, kulingana na bandari mafuta yalikopakuliwa: Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, na umbali wa kuyasafirisha kutoka hapo. Unaona pia lita moja imebeba nini: bei ya soko la dunia, gharama za meli, kodi na tozo, faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja. Mtu wa Muheza akilipa zaidi ya mwenzake wa Tanga mjini, anajua ni kwa nini. Mwenye kitochi naye hakusahaulika; anapiga *152*00# na kufuata maelekezo.

Kinachonikera ni mahali lilipowekwa jambo kubwa kuliko yote. Huko mwishoni, ambako wengi hawafiki, ndiko imeandikwa kwamba kampuni ziko huru kuuza chini ya kikomo. Mwaka 1983 mchumi Stephen Littlechild aliishauri serikali ya Uingereza iweke kikomo kwenye bei za simu za British Telecom, na alisema wazi kwamba hiyo ni njia ya kumlinda mteja mpaka ushindani ufike. Kwetu wauzaji wa mafuta ni wengi tayari, lakini kikomo kinasomwa kama bei yenyewe.

Juzi niliingia sheli moja, bango lake linafanana na tangazo hadi shilingi ya mwisho. Nikamwuliza kijana wa pampu, "Mwanangu, hampunguzi hata kidogo?"

"Mzee wangu, hii bei ya serikali."

Ng'ambo ya barabara kituo kingine kilikuwa kimeandika pungufu, na bodaboda wamejipanga hadi nje. Wao hawajasoma jedwali lolote, wanaujua mfuko wao.

Nyota ya tano nitaitoa siku tangazo litakapokuwa na orodha ya vituo vinavyouza chini ya kikomo, wilaya kwa wilaya, ukurasa wa kwanza. Bei hizo zipo kwenye kila risiti inayotoka kwenye pampu.