Betri ya laptopu isiyokaa na chaji: uzoefu wangu kwa fundi wa Mwembe Tayari, Mombasa

Laptopu ninayotumia kuandaa masomo na mitihani ya wanafunzi wangu ilianza kunisumbua msimu wa kaskazi uliopita. Kila umeme ulipopotea ilikuwa ikizima ghafla kabla ya nusu saa kutimia, hata pale ambapo alama ya betri ilionyesha bado imebaki asilimia 40. Nilikwenda kwanza kwenye duka moja mjini, nikaambiwa, bila ya mashine kufunguliwa, kwamba ubovu ni wa chaja. Nilinunua chaja mpya kwa shilingi 1,500, na usiku uleule laptopu ikazima vilevile nikiwa katikati ya kusahihisha. Fedha zile ziliniuma sana, kwa sababu chaja yangu ya zamani haikuwa na kasoro yoyote.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa Mwembe Tayari, na kilichonifanya nimwamini ni kwamba alipima kabla ya kutaja bei. Alifungua dirisha la amri la Windows, akaandika powercfg /batteryreport, na kompyuta ikatoa ripoti inayofunguka kama ukurasa wa intaneti. Tulisoma humo tarakimu mbili zilizokata ubishi: betri iliundwa kubeba mWh 45,000 (mWh ni kipimo cha nishati inayobebwa na betri), lakini sasa, hata ikijaa, ilibeba 14,200 tu, yaani chini ya theluthi moja. Ile asilimia 100 niliyokuwa nikiiona kila asubuhi ilikuwa ni ya kile kidogo kilichosalia. Amri hiyo haina malipo, na ningeijua mapema nisingenunua chaja.

Alipofungua mfuniko wa chini alinyamaza kidogo, kisha akaniita nitazame. "Mwalimu, betri hii imefura. Tusiichaji tena." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kile kibao cha kusogezea mshale kilikuwa kigumu kubonyea kwa wiki kadhaa, jambo ambalo nilidhani ni vumbi. Gesi hujikusanya ndani ya betri ya lithiamu iliyochakaa, na betri ya namna hiyo ikitobolewa au kukandamizwa inaweza kushika moto, kwa hivyo ninawasihi wenzangu wasiibonyeze irudi wala wasiendelee kuitumia.

Kuhusu chanzo, fundi aliniuliza maswali mawili tu: laptopu hukaa wapi, na chaja huchomolewa saa ngapi. Ilikuwa ikikaa kitandani, juu ya shuka, matundu ya hewa yakiwa yamezibwa, nayo ikichajiwa mchana kutwa. Betri ya lithiamu huchakaa upesi inapokuwa moto huku imejaa pomoni, na kwa joto letu la Februari na Machi nilikuwa nikiipa yote mawili kila siku.

Betri mpya ilinigharimu shilingi 5,500 pamoja na kazi, kwa waranti ya miezi mitatu iliyoandikwa kwenye risiti. Kabla ya kuifunga alilinganisha mbele yangu namba ya betri, volti 11.4 na umbo la plagi yake, kisha akaitoa ripoti upya, nayo ikasoma 44,600. Sasa ninafanya kazi kwa muda wa saa nne bila ya chaja. Laptopu huiweka mezani, na nimewasha ule mpangilio unaosimamisha chaji kwenye asilimia 80, ingawa huo niliutafuta mwenyewe, na ninaona fundi angepaswa kunieleza.

Lalamiko langu jingine ni la ile betri iliyofura. Aliiweka ndani ya mkebe wa chuma mbali na jua, jambo zuri, lakini nilipomuuliza itapelekwa wapi baadaye hakuwa na jibu, nami nisingependa iishie jaani Mwakirunge.